Injini Iliyokuwa Iende Bukima

Pikapu iliyobeba kwaya ilitupita kwenye mwinuko wa kuelekea Butiama, na kwaya ikaacha kuimba ili itutazame. Mama mmoja aliyekaa ukingoni aliinama akapaza sauti: "Baba, washa kwanza!" Wote wakacheka. Mke wangu naye akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Gari lenyewe ni la michezo, la Kijapani, la milango miwili, na nililinunua likiwa tayari limezeeka. Ni fupi kiasi kwamba mtu mzima huingia kwa kutanguliza makalio. Taa zake za mbele hujifukia zikizimwa na kuchomoza zikiwashwa, na kwa sababu hiyo mtaani kwetu Musoma wanaliita Chura. Kazi yangu ni kutengeneza friji. Sikuisomea popote, nilijifunza kwa kufungua na kufunga. Habari za injini nilijifunza kwa Chura. Kitabu chake cha matengenezo kilikuwa cha Kiingereza, nikakisoma kamusi ikiwa pembeni, ukurasa baada ya ukurasa, kwa karibu miaka miwili. Kila kitu ninachokijua kuhusu mashine inayochoma mafuta nimekijua kupitia injini ile moja. Kwa hiyo ninaposema niliamua kuiondoa, nataka ieleweke kwamba sikuamua kwa wepesi.

Baada ya ile kwaya nilichukua daftari nikaligawa safu tatu, maana njia za kuongeza nguvu zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Fundi wangu wa gari, mwenye gereji yake Mukendo, aliipenda njia hii kupita kiasi. Ni mtu wa kofia safi na mikono michafu, haachi swala, na sijawahi kumsikia akisema hajui kitu. Nilimwuliza: injini iliyoundwa bila tabo, pistoni zake zitahimili mgandamizo huo?

"Zitahimili."

"Umejuaje?"

"Mzee wa friji, wewe una maswali ya mtihani. Tunafunga, tunawasha, tunasikiliza. Ikigonga tunapunguza."

Nikaandika kwenye safu ya kwanza: *tunasikiliza*.

Njia ya pili ilikuwa kuipa pumzi injini ileile: kukwangua kichwa cha silinda, kuweka kamshafti kali zaidi, ile fito inayofungua vali, kutanua ekzosi. Hii niliipenda mimi. Lakini kila nilipoifuatilia kwenye vitabu niliona kwamba nguvu hiyo ingepatikana injini ikizunguka kwa kasi ya juu kabisa, na barabara ya kutoka Makutano kwenda Butiama haikupi nafasi ya kufika huko. Ina ng'ombe.

Ya tatu ilikuwa ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeuza injini kuukuu Bunda. Alinipigia simu kabla sijamweleza chochote. Nadhani dada yake alishamsimulia habari za kwaya. Nilipofika alikuwa ameikalisha injini ya silinda sita juu ya matairi mawili uani kwake, ameunga betri, na akaiwasha palepale chini. Kuku waliruka ukuta.

"Umesikia, shemeji? Hii ukikanyaga, Butiama inakuja yenyewe."

"Itaingia kwenye gari langu?"

"Itaingia. Tunakata kidogo."

Nilipima kwa futi. Kile alichokiita kidogo kilikuwa mwamba wote wa chini unaobeba injini, pamoja na sehemu ya ukuta unaotutenganisha nayo. Ukishakata hapo, injini ya zamani haiwezi kurudi tena. Na isingekuwepo ya kurudi, kwa sababu shemeji aliitaka iwe sehemu ya mapatano. Alikuwa na mkulima wa nyanya kutoka Bukima aliyetafuta injini ya kuvuta maji ziwani hadi shambani.

"Itapumzika," alisema. "Inakaa ufukweni inapigwa upepo wa ziwa. Wewe mwenyewe utaionea wivu. Ila uamue, Jumamosi ijayo yule mtu anakuja na gari kuibeba."

Nikakubali. Tukapeana mikono mbele ya kuku waliokuwa wanarudi mmoja mmoja.

Lakini mimi sibadilishi kitu ambacho sijakipima kwanza. Jumapili iliyofuata, tukienda tena kumwona mama yangu Butiama, nilimpa mke wangu simu apime muda wa kupanda, kuanzia kwenye karavati la chini ya mlima hadi duka la kwanza. Nilitaka kujua injini mpya ingenipa nafuu ya sekunde ngapi. Mvua ilikuwa inanyesha. Kabla hatujalifikia karavati, kioo chote kilikuwa kimeingia ukungu, na mke wangu alikuwa akikifuta kwa pindo la kanga.

"Si uweke hita?"

"Hita haifanyi kazi."

"Tangu lini?"

Badala ya kujibu, nikamwonyesha mshale wa joto. Ulikuwa umelala chini kabisa, kwenye alama ya baridi. Lazima nikiri kwamba mshale ule ulikuwa fahari yangu. Niliwaonyesha abiria, majirani, na askari wa barabarani mmoja ambaye hakuwa ameuliza. "Gari hili halichemki," nikasema.

"Sijauliza kama linachemka. Nauliza tumetoka Musoma, tumekimbia mpaka Makutano, sasa tunapanda mlima, na mbona hapa panatoka baridi kama kwenye friji zako? Au umeunda friji nyingine ndiyo unayoiendesha?" Tulipofika duka la kwanza akatazama simu. "Dakika tatu na sekunde hamsini. Nimechoka kufuta kioo."

Niliendesha macho yakiwa kwenye ule mshale hadi uani kwa mama. Sikuwa nimenuna, ingawa mke wangu bado anashikilia kwamba nilinuna. Nilikuwa nafikiri. Niliegesha, nikafungua boneti kwenye manyunyu, nikashika mpira wa juu unaopeleka maji kwenye rejeta. Injini iliyotoka kupanda mlima inapaswa kukuunguza mkono hapo. Niliushika kama mtu anayeshika mkono wa mgeni. Nikachukua kipimajoto changu cha kazini, nikakifunga kwa utepe kwenye mpira ule: nyuzi hamsini na nne. Kitabu kinasema zaidi ya themanini.

Basi yote yakajipanga. Gari hilo lina boksi la kompyuta ambalo huuliza maji yana joto gani. Likijibiwa kwamba yana baridi, linaamini ni asubuhi na injini ndiyo kwanza imeamka, na linaimwagia petroli nyingi. Kwa miaka mingi boksi langu lilikuwa linaishi katika asubuhi isiyokwisha. Ndiyo maana plagi zilikuwa na masizi, ambayo nilikuwa nikiyasugua kwa brashi huku nikilaumu mafuta ya vituo.

Nikafungua boliti mbili za kikombe ambamo themostati hukaa, kile kilango kinachoyazuia maji hadi yapate joto. Kikombe kilikuwa kitupu.

Jioni ileile, nyumbani, nilishusha daftari zangu za zamani nikiwa na hasira na tayari nina mtu wa kumlaumu. Nikaukuta ukurasa wenyewe, wa miaka sita nyuma. Gari lilikuwa limepasua mpira wa maji njiani kwenda Bunda. Fundi wa Mukendo alibadilisha mpira, ambao ndio uliokuwa ugonjwa, akashauri na themostati itolewe. Chini ya hayo, kwa mwandiko wangu, kwa kalamu nyekundu, na kupigiwa mstari kwa rula: *Themostati imetolewa. Nchi za joto haina kazi.*

Mimi ndiye niliyeandika. Mimi, ambaye kila wiki namwambia muuza samaki fulani kwamba friji bila themostati ni kabati lenye kelele.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Mukendo.

"Ulinitolea themostati," nikamwambia fundi.

"Ulisema toa."

"Wewe ndiye uliyenishauri!"

"Na wewe ukasema toa. Mzee wa friji, mimi nazitoaga zote. Toka nimeanza kazi. Gari likija linachemka, natoa, linapoa, mtu anashukuru. Nani amerudi kulalamika?"

"Mimi nimerudi."

"Baada ya miaka sita."

Akaingia ndani akarudi na kopo kuukuu la maziwa ya unga, akalitikisa. Lilikuwa limejaa themostati. Nilipomwuliza anazihifadhi za nini kama hazina kazi, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa akili. "Si vitu vya watu?"

Niliomba sufuria ya maji kwa mama lishe wa jirani, nikaiweka kwenye jiko lake la mkaa, nikazitumbukiza zote na kipimajoto changu katikati. Niliandika kila moja ilifunguka kwenye nyuzi ngapi. Mama lishe alikuja na kijiko. "Supu hiyo, baba, nikukatie na ndimu?" Zilikuwa kumi na saba. Sita zilifunguka. Moja katika hizo sita iliingia kwenye kikombe cha Chura. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa ileile yake, lakini ilifunguka kwenye nyuzi themanini na mbili, na hilo lilinitosha.

Nilitumia siku tatu kukagua yale niliyopaswa kuyakagua miaka sita iliyopita: rejeta, feni, mipira, kifuniko. Niliweka plagi mpya. Fundi alisimama pembeni muda wote akirudia, "Likichemka usinitaje."

Ijumaa mchana nilikwenda peke yangu. Nilipokaribia karavati, mshale wa joto uliinuka. Ulipanda taratibu hadi katikati, ambako kitabu kinasema ndiko unakotakiwa kukaa, ukasimama. Mimi niliyesoma kitabu hicho kwa miaka miwili nilitoa mguu kwenye mafuta, nikaegesha, nikafungua boneti kutafuta mvuke. Mwenye bodaboda akasimama.

"Mzee, linachemka?"

"Hapana. Limepona."

"Sasa mbona umesimama?"

Nikafunga boneti. Nikageuza, nikarudi nyuma ya karavati, nikaanza upya. Dakika mbili na sekunde hamsini na nane. Nilirudia mara tatu, na tofauti haikuzidi sekunde mbili. Haliwezi kushindana na silinda sita za Bunda, najua. Lakini kwaya haitatupita tena, na mwamba wa chini bado ni mzima.

Mapatano ya mikono hayavunjwi kwa simu. Jumamosi nikaenda Bunda. Mkulima wa Bukima alikuwa amefika, na gari lake la mizigo lilikuwa limetandikwa magunia tayari kuilaza injini yangu. Nikawaambia wote wawili kwamba haitoki, na nikaomba radhi. Shemeji aliweka sikio kwenye boneti.

"Umefunga tabo kimyakimya."

"Nimefunga themostati."

"Shemeji, acha utani. Themostati inatolewaga. Haifungwagi."

Mkulima hakukasirika. Alilizunguka Chura mara mbili kama anavyozungukwa ng'ombe mzuri asiyeuzwa, akasikiliza injini, akasikitika. Akaniambia kwamba anayo mashine ya maji tayari, injini ya gari dogo la zamani, ila imechoka. Inakunywa petroli vibaya, inatoa moshi mweusi, na bomba la juu shambani halifikiwi na maji. Kisha akakuna shingo.

"Hicho kidude unachosema. Fundi wangu naye alikitoa. Alisema kule ziwani kuna baridi, hakihitajiki."

"Kipo wapi?"

"Mke wangu anakitumia kugandamizia kifuniko cha mtungi."

Shemeji aliitazama injini yake ya silinda sita juu ya matairi, akamtazama mteja wake, akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "nakuomba urudi Musoma."