Nyumba Tano Zilizobaki Kishikwambini

Kanuni ilikuwa moja: usiondoke karibu na ruta mpaka umsikie msimamizi akitamka idadi ya nyumba alizopokea, nawe uhakikishe ni idadi ileile uliyoandika. Jovitha, mhudumu wa afya wa Nshambya, Bukoba, ndiye aliyewafundisha wenzake kanuni hiyo. Aliivunja mara moja tu.

Kulikuwa na mlipuko wa kuhara katika kambi ya wavuvi, kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Jovitha alipita nyumba kwa nyumba akiandika wagonjwa kwenye kishikwambi. Intaneti haikushika huko, simu za kupiga tu. Kwa hiyo msimamizi wao, mzee Rutaihwa, alibeba kwenye begi ruta ndogo ya betri. Wi-Fi yake haikwenda popote duniani. Iliunganisha vishikwambi vilivyo jirani na kompyuta ya mzee, basi. Yeye aliipeleka orodha Muleba, na boti ya dawa ikaifuata orodha hiyo.

Nyumba ya kumi na nne, ya mwisho, ilikuwa ya Najibu, mchuuzi wa samaki. Mkewe Nuriat, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amelala mkekani, midomo imemkauka.

"Nimepata mtumbwi wa injini," Najibu alisema. "Namvusha sasa hivi."

"Kaka, kwa mawimbi haya na mimba hiyo? Tulia. Jina lake linakwenda leo. Kesho asubuhi boti ya dawa iko mlangoni kwako."

"Ninyi watu wa Bukoba kwa ahadi! Haya, nimekuamini. Ikichelewa nitakufuata hukohuko kwenu."

Jovitha akawaachia pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini, akaenda.

Alimkuta mzee Rutaihwa kibandani akila ndizi na samaki, begi la ruta miguuni pake. Mzee huyo ni ndugu wa marehemu baba mkwe wake, na kwao mkamwana hamsogelei mkwe anayekula. Jovitha akaingia kibanda cha mabati kilichokuwa mbali kidogo, akabonyeza "Tuma". Alama ya Wi-Fi ilionekana juu ya kioo. Akaona inatosha, akazima kishikwambi kutunza chaji.

Alama ile husema tu kwamba kifaa kinaisikia ruta. Haisemi kwamba mzigo umefika. Mabati huzuia mawimbi ya Wi-Fi: nyumba tisa zilipita, mawasiliano yakakatika, tano zikabaki. Mzee naye alinawa mikono, akafunga begi, hakuuliza. Heshima ni jambo jema, lakini haikumpa yeyote kati yao ruhusa ya kuacha kazi nusu.

Kesho yake mchana, Jovitha na mzee wakiwa wamesharudi Muleba, muuguzi Jesca alirudi na boti ya dawa akiwa na furaha.

"Leo tumemaliza mapema. Nyumba tisa tu!"

"Tisa? Mbona ni kumi na nne?"

"Dada, mimi nasoma orodha, siagui."

Jovitha aliwasha kishikwambi. Majina matano, kila moja na neno dogo chini yake: linasubiri. La mwisho lilikuwa la Nuriat. Akampigia Najibu.

"Dada, boti iko wapi? Tumekaa mlangoni tangu alfajiri. Sasa nikimwita haniitikii."

Boti iligeuzwa palepale. Jovitha alikaa mbele, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Alitaka kuomba, akaogopa hata kutaja alichokuwa anakiombea.

"Waitu, mzee wangu, niliona haya kukusogelea ukila," alimwambia Rutaihwa, aliyepanda naye.

"Ungenipigia hata kelele, mwanangu." Mzee hakuinua macho. "Na mimi nilikuwa na mdomo. Sikukuuliza."

Kisiwani Najibu hakugomba. Hilo lilimtisha Jovitha kuliko matusi. Alikuwa amechuchumaa mkekani, ameshika miguu ya mkewe, akiisugua.

"Ya baridi," alisema. "Ishike uone."

Jovitha aliishika. Jesca akamtundikia Nuriat dripu humohumo ndani, kisha wakambeba hadi botini. Wagonjwa wa zile nyumba nyingine nne walipewa dawa, wote wakapona.

Nuriat pia alipona. Mtoto wake alizaliwa mfu jioni ile, katika zahanati ya ng'ambo. Alikuwa wa kike.