Shina la Mgomba

Sajini Phanuel Osiako, mstaafu wa jeshi, alivaa nishani zake tatu siku ya kumzika mama yake, na hakuna aliyemlaumu kwa kujipamba. Mama Immaculate mwenyewe alizipenda. Kila Phanuel alipotoka kwake Lurambi kuja Ekero kumwona, mama alizigusa mojamoja, akacheka, kisha akamwekea kiti barazani. Chai ilimfuata hukohuko nje, na kuku na ugali vilevile. "Askari wa serikali hakai jikoni kwa moshi," mama alikuwa akisema. Naye Phanuel, mtu mzima aliyewahi kuwabeba wenzake wawili huku risasi zikimpita masikioni, akavimba kichwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya.

Basi pale kaburini akainama, akachota udongo. Kwao kifungua mimba ndiye anayetangulia kumwaga udongo juu ya jeneza la mzazi, wengine wakafuata. Hilo tu ndilo alilolitaka tangu habari ya msiba imfikie. Baba alizikwa yeye akiwa vitani, na aliapa kwamba kwa mama hatakosa.

Mkono ukamshika kwa nguvu. Ulikuwa wa Mzee Wandera, mdogo wa marehemu baba yake.

"Weka chini, Phanuel. Mtu mwenye alizikwa hazikangi mwingine."

Phanuel nusura acheke. Jambo hilo alilijua, tena lilikwisha zamani. Kambi yao kule Somalia iliposhambuliwa, yeye alipotea. Wafugaji walimwokota na jeraha la paja, wakamficha, na kwa miezi mingi hakuna aliyejua aliko. Nyumbani wakakata tamaa. Huku kwao mtu akipotea na mwili usionekane, shina la mgomba huzikwa badala yake. Wakamzika hivyo, kwa nyimbo za kanisa na machozi ya kweli, naye hakuwakasirikia hata kidogo. Aliyezikwa akirudi hai, shina hufukuliwa, kondoo akachinjwa, mtu akahesabiwa tena kuwa hai. Mdogo wake Isaiah alimpigia simu akiwa bado hospitalini: "Tumefukua, bratha. Hiyo maneno imeisha."

"Lilifukuliwa, baba mdogo," Phanuel alisema. "Muulize Isaiah."

Isaiah alikuwa akitazama viatu vyake.

"Isaiah, si uwaambie!"

"Ningefukua aje, bratha? Nilikuwa nimeshajenga juu."

Ile nyumba ya matofali! Ilisimama palepale palipokuwa na kibanda cha ujana wa Phanuel. Siku ya kwanza alipoiona aliisifu, akampa mdogo wake mkono wa pongezi, kumbe alikuwa amesimama juu ya kaburi lake mwenyewe.

"Watu wote walijua umekufa," Isaiah akasema, sasa kwa ukali wa mtu aliyekamatwa. "Hapo mahali palikuwa panakaa bure."

Phanuel akawageukia waombolezaji. Mashangazi, majirani, kwaya yote, hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Walijua. Walimpa mkono miaka yote hiyo, wakamwita shujaa, na walijua. Hapo ndipo kile kiti cha barazani kilipomjia akilini. Hakuwahi kuingia nyumbani kwa mama tangu arudi. Hata mara moja. Mama hakuwa akimpa heshima. Alikuwa akimzuia mfu asivuke kizingiti chake, huku akimchekea na kumgusa nishani. Na sasa angemuuliza nani? Adui wa kule Somalia alikuwa afadhali, maana yeye alimpiga akimtazama usoni.

Alinyakua jembe la wachimba kaburi, akaenda moja kwa moja kwenye ile nyumba. Angevunja sakafu, angelitoa hilo shina hata kama limeoza likawa udongo, kisha arudi amzike mama yake. Mlangoni alimkuta Gentrix, mke wa Isaiah, ametandaza mikono.

"Shemeji, tafadhali, si leo. Tuko na wageni."

"Toka hapo, Gentrix. Wananingoja."

Gentrix alikuwa akitazama kule kaburini, nyuma ya bega lake, na uso wake ukajaa aibu. Phanuel hakuhitaji kugeuka. Udongo wa kwanza ulikuwa umeanza kugonga jeneza.