Na Mimi Je, Nikianguka?

Dobi hakuwa na ugomvi na bahari. Ugomvi wake ulikuwa na watu wanaoizungumzia. Kila Alhamisi jioni mumewe alimpeleka kwenye klabu ya wenye mashua za matanga, chumba cha ghorofani juu ya duka la rangi, kusikiliza waliosafiri wakisimulia safari zao. Na kila Alhamisi alirudi nyumbani anajua machache kuliko alipokwenda.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti maisha yake yote. Alipostaafu, wenzake wakifuga kuku, yeye alinunua mashua ndogo yenye matanga mawili na kitanda cha kujibanza. Akatangaza kwamba hali ya hewa ikitulia watakwenda kuzunguka visiwa, wao wawili tu, miezi mizima. Watoto walishaoa na kuolewa, nyumba ilikuwa kimya, na Dobi akakubali nusu nusu.

"Nitakwenda nikishajua jambo moja," alisema. "Ukianguka majini, nakurudiaje?"

Swali lilikuwa dogo, majibu ndiyo yaliyomchosha. Daktari wa meno, aliyewahi kuvuka bahari kuu na ambaye huwa anakutazama mdomoni anapozungumza nawe, alisema usiiguse injini kabisa, pangaboi litamkata miguu. Alhamisi iliyofuata mwalimu mstaafu wa hesabu alikuja na picha zilizotokea ukutani kichwa chini miguu juu, akasema washa injini mara moja, huna muda wa kubembeleza upepo. Mama mmoja aliyesafiri peke yake miaka mingi alisema shusha tanga kwanza. Aliyemfuata alisema ukishusha tanga umeshamwua. Wote walikuwa wamesafiri, wote walikuwa hai, na wote walipigiwa makofi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chenyewe hapa kilikuwa kichwa cha Dobi.

Dukani kwake alizoea kutenganisha: nyeupe huku, za rangi kule, za sufu pembeni. Mafundisho haya hayakutengeka. Alikuwa akipiga pasi shati la mteja anajikuta amesimama, pasi iko hewani, anajiuliza upepo ukitoka kushoto ageukie wapi. Siku moja aliunguza kola ya watu.

"Sasa mimi nimsikilize nani?" alimwuliza katibu wa klabu, mwanamke mcheshi mwenye duka la miwani.

"Akili za kuambiwa, dada, changanya na zako."

"Zangu ziko wapi? Za baharini mimi sina."

Jumamosi wakaenda ghubani kufanya mazoezi. Desturi ya klabu ni kufunga kofia ya mwenye mashua kwenye boya la plastiki na kulitupa majini, kisha mwenzake arudi kuliokota. Dobi alilikosa. Akalikosa tena. Safari nyingine aliligonga kabisa, na mumewe, ambaye kwa sheria ya zoezi alikaa amefumbata mikono, akasema taratibu, "Hapo nimeshakufa, mke wangu." Akacheka peke yake. Mwishowe Dobi aliacha kukumbuka nani alisema nini. Akaikazia macho ile kofia, akaliachia tanga, mashua ikapunguza mwendo, kofia ikaja yenyewe ubavuni. Akaiokota, akaikamua kwa mikono yake ya kazi, akamvika mwenyewe ikiwa bado inachuruzika.

Mzee wake hakukaa na furaha yake. Alhamisi akasimama mbele ya wote, akasema wanaondoka mwezi ujao. Makofi yakapigwa. Katibu akauliza kama kuna swali, na mkono wa Dobi ukainuka, hata yeye hakujua kwa nini.

"Na mimi je, nikianguka?"

Daktari wa meno akatazama viatu vyake. Miaka yote waliyozungumza habari za mtu kuanguka majini, mtu huyo alikuwa na ndevu.

"Wewe utaangukaje, mama?" mumewe alisema. "Si utakuwa ndani?"

"Ndani nafanya nini miezi mizima?"

Watu wakacheka. Dobi hakucheka. Aliona amemwaibisha mumewe mbele za watu, na hapo hapo akaona hajasema vya kutosha, na hakujua ashike lipi aache lipi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya mumewe kuokota. Dobi alifunga kwenye boya kitambaa chake chekundu cha kichwani, akasimama gatini na katibu. Mzee akatoka peke yake. Alilitupa boya, akageuka vizuri tu, lakini akapita mbali nalo. Akazunguka, akapita mbali upande wa pili. Mara alishushe tanga, mara alipandishe, mara injini ingurume, mara inyamaze. Ungedhani wasemaji wote wa klabu wamepanda mle ndani na kila mmoja anautaka usukani. Fundo la kitambaa, ambalo Dobi alilifunga ovyo ovyo, likafunguka. Boya likabaki linaelea. Kitambaa kikazama.

Tangu asubuhi Dobi alikuwa akiomba kimoyomoyo mumewe akose, ili aseme siendi na mambo yaishe. Sasa amekosa, na machozi yanamtoka. Hakujua analia nini. Alikuwa akiililia safari asiyoitaka? Au alikuwa akimlilia mzee wake, anayehangaika kule peke yake? Au ni kwa kuwa ameona jinsi yeye mwenyewe angekwisha, mchana kweupe, mumewe akiwa karibu tu na akijitahidi kweli?

"Ni kitambaa tu, dada," katibu alimwambia.

"Najua," alisema, naye hakujua lolote.

Mzee alirudi gatini, akaifunga mashua kwa mikono ile ile iliyoshika nyaya za lifti miaka yote.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona wapi? Mimi si nilikuwa hapa, nimesimama?"

"Pale majini. Unaniangalia, unanisubiri. Na mimi nakupita."

Neno "siendi" alikuwa nalo mdomoni tangu kunapambazuka. Akalitafuta, hakuliona.

"Naomba kesho tuje tena," mzee alisema. "Uje na kitambaa kingine. Kile usichokipenda sana, maana sitakudanganya, huenda nacho kikazama."

Nyumbani Dobi alifungua sanduku. Vya kupoteza vilikuwepo tele. Akavichambua, akavirudisha, akavichambua upya, yeye ambaye kazi yake ni kuchambua nguo za watu. Mwisho akatoa kile cha hariri alichovaa siku ya harusi yao, akakipiga pasi, akakikunja.

Asubuhi, gatini, mumewe alikiona akashtuka. "Una hakika, mama?"

"Sina," alisema. Akampa boya alishike, akakifunga mwenyewe, fundo juu ya fundo.