Mwongozaji wa Viatu Vyeupe

Jumamosi iliyopita nilifuatana na wageni wa hoteli za Diani waliopelekwa kutembezwa mashamba ya mpunga huku Msambweni. Mwongozaji wao, bwana wa makamo mwenye viatu vyeupe, alisimama ukingoni akaeleza namna ya kupandikiza miche kwa nusu saa nzima. Mwenye shamba, mama aliyejifunga kanga kiunoni, aliendelea kupanda.

Mgeni mmoja, mwanamke wa kutoka Kambodia, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia topeni. Alichukua fungu la miche akawa anapanda kinyumenyume, mstari umenyooka.

"Mama, mwambie atoke," mwongozaji akasema. "Atakuharibia shamba."

Mama aliinama, akauvuta kidogo mche mmoja wa mgeni. Haukung'oka. Akamsogezea yule mwanamke fungu jingine.

"Huyu mwache anisaidie," akasema. "Wewe, mwanangu, endelea kueleza."

Katika nchi hii wenye kueleza tumekuwa wengi kuliko wenye kupanda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajaza kurasa nne za maelezo. Nikalifunga daftari, nikaanza kufungua kamba za viatu.