Saa Sita ya Papa Deo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Mei, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, ndani ya gereji moja ya Upplands Väsby, nje kidogo ya Stockholm. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sikuwa na shaka yoyote juu ya akili yangu. Utanisamehe. Shaka zilikuja baadaye, pamoja na upara.

Wakati ule nilikuwa nasomea shahada ya pili ya isimu, yaani sayansi ya lugha. Lishike jambo hilo, maana aibu yangu yote imejengwa juu yake. Kila Jumapili baada ya ibada, Waswahili wa kila namna tulikunywa chai katika ukumbi mmoja kule Husby: Wakongo, Warundi, Wakenya, na sisi Watanzania tunaoamini kwamba Kiswahili tumewaazima tu wengine. Mimi ndiye niliyewasomea watu barua za ofisini. Waliniita Tolk, neno la Kiswidi la mkalimani, na nilipoitwa niliinuka taratibu kama bwana harusi anayeitwa kukata keki.

Hapo ndipo nilipomjua Papa Deo, Mkongo wa Bukavu, amepita hamsini, fundi aliyemaliza ujana wake chini ya malori. Stockholm ilikuwa imempa kazi ya kusafisha ofisi kule Kista. Hakuwa akilalamika. Lakini nilimwona siku moja akisikiliza injini ya basi kituoni kwa uso wa mtu anayesikia watu wakizungumza kwao.

Sasa, lazima ujue kwamba Waswidi, watu hawa wapole wanaosubiri taa ya kijani hata barabara ikiwa tupu, wana mapenzi mazito na magari makubwa ya Kimarekani ya miaka ya sitini. Wanayanunua yakiwa na kutu, wanayafungua hadi skrubu ya mwisho, kisha msimu wa joto wanayatembeza mjini polepole huku yanakunywa mafuta kama ng'ombe kisimani. Mswidi mmoja aitwaye Lennart alikuwa na gereji ya magari hayo, na alikuwa anatafuta fundi anayejua injini za zamani, zile zisizo na kompyuta. Habari zikafika kwenye chai yetu. Lennart akakubali kumjaribu Papa Deo kwa wiki moja: kulikuwa na gari jekundu la milango miwili, injini ya silinda nane, nne kila upande, imefunguliwa yote. Kama ingenguruma kabla ya gereji kufungwa Ijumaa saa kumi jioni, Papa Deo angepata kazi ya kudumu. Kama sivyo, asante na safari njema.

Papa Deo alijua maneno mawili ya Kiswidi, la kusalimia na la kushukuru. Nikajitolea kuwa mkalimani wake. Hakuna aliyeniomba.

Jumatatu hadi Alhamisi nilimpitia nyumbani kwake Husby tukasafiri pamoja. Nilijinunulia daftari. Kila alichosema Lennart nilikiandika kwa Kiswahili sanifu, hata pale alipouliza kama tunataka maziwa kwenye kahawa. Papa Deo yeye alifanya kazi. Alipitisha kidole ndani ya kila silinda akiwa amefumba macho. Aliponiona nimekaa bure, alinieleza injini kwa namna ambayo chuo kikuu hakijawahi kunieleza kitu.

"Petit," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, mdogo wake, "ile injini iko na pumzi nne. Inavuta, inabana, inalipuka, inatoa. Sasa sikia. Pistoni inapanda mara mbili. Mara moja imebana pumzi, inangoja moto. Mara ya pili inatoa moshi tu. Ukiipa moto ile mara ya pili, ni kama umemlisha mtu akiwa anapiga chafya."

Niliandika: *chafya*.

Alhamisi mchana kazi ilibaki kipande kimoja, kile kinachogawa cheche kwa silinda zote nane. Lennart alikiita kwa jina la Kiswidi, Papa Deo alikiita delko, mimi nikakiita distribyuta, na sote watatu tulikuwa tunakitazama. Ndani yake kuna kishale kinachozunguka kama mshale wa saa, na kinapoelekea ndipo cheche inapokwenda. Lennart alikuwa ameipandisha pistoni ya kwanza mpaka juu, mahali pa kupewa moto, akabandika utepe kwenye injini ili mtu asiizungushe. Kisha akasema kwamba ukisimama mbele ya gari na kukitazama kishale kama saa, kielekee *klockan tolv*.

Rahisi. Saa inayosoma kumi na mbili kwa Mswidi, kwetu ni saa sita. Sikufikiri hata kwa sekunde moja. Nikatangaza: "Saa sita, Papa!"

Papa Deo akasita. "Sita? Uko na hakika?"

"Amesema mwenyewe. Nimeandika."

"Miye naona haifanane. Wacha tuondoe plagi ya kwanza, tuweke kidole, tusikie kama pumzi iko pale."

"Papa," nikasema, nikigonga daftari, "mwenye gereji ameshasema, na utepe ameubandika. Tukianza kupima upya ataona hatumwamini."

Hilo, mwanangu, halikutoka kwa Lennart. Lilikuwa langu mimi. Papa Deo alilitazama lile daftari kama mtu anavyotazama cheti cha hospitali, karatasi usiyoweza kubishana nayo, akakiweka kishale nilivyosema.

Lennart akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikapiga mshindo kama mlango wa bati uliopigwa teke, na ulimi wa moto ukaruka juu kutoka kwenye kabureta. Lennart akatupa blanketi juu yake. Moto ukazima, ila uso wa Lennart ulikuwa bado unawaka. Akaniuliza kwa Kiswidi, akimwonyesha Papa Deo kwa kidevu: "Huyu anaijua kazi hii kweli?" Kisha akaamuru kwamba mtu yeyote asiguse tena upande wa cheche mkalimani asipokuwapo.

"Anasemaje?" Papa Deo akauliza.

"Anasema tutajaribu tena kesho," nikajibu.

Hiyo ndiyo tafsiri mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliifanya nikijua.

Tulipoachana, Papa Deo aliniambia nisihangaike kumpitia, njia ameshaijua. "Kesho tukutane pale saa nane." Nilifurahi. Asubuhi nilikuwa na darasa, na saa nane mchana ilinifaa sana. Nikaona mzee ananihurumia.

Ijumaa nikashuka kwenye treni nimeshiba, nikaingia gereji saa nane kamili. Papa Deo amekaa juu ya tairi. Miguuni pake kuna vikombe vinne vya kahawa, vitupu.

"Weye!" akaruka. "Ulikuwa wapi? Nilikuambia saa nane!"

"Papa, si ndiyo saa nane hii? Nimefika kwa dakika."

"Nane?" Akanisukumia saa yake ya mkononi chini ya pua. "Hii ni nane? Hii ni kumi na nne! Nane nilikuwa hapa, ule mzungu ananitazama, miye namtazama, nikigusa delko anatikisa kichwa, ananipa kahawa, nakunywa, ananipa ingine!"

"Lakini saa nane ya..." Nikaitazama tena ile saa yake.

Hasira ikashuka usoni mwake taratibu, na mahali pake pakaja kitu kingine, kama mtu anayesikia mlio ambao alikuwa anautafuta.

"Petit," akasema polepole. "Ile sita uliyonipa jana. Ilikuwa sita gani?"

Mwanangu, nilikuwa naandika tasnifu kuhusu tofauti za Kiswahili. Nilijua kwamba sisi tunahesabu saa tangu kunapokucha, mshale ukiwa juu kabisa tunasema sita. Nilijua, kwa sababu niliwahi kulisoma, kwamba Wakongo wengi wanaisoma saa kama ilivyoandikwa, sita ni namba sita, mshale uko chini. Nililijua jambo hilo kiasi cha kulifanyia mtihani na kufaulu. Nami nilikuwa nimemwelekeza mzee wa watu akipindue kishale kikatazama kinyume, nusu duara kamili, ili kila cheche iikute silinda inapiga chafya.

Nilikaa juu ya tairi lake.

"Tukigeuze haraka," nikasema. "Kitawaka, Lennart atafurahi, hatahitaji kujua kilichotokea."

Papa Deo hakupandisha sauti. Heri angepandisha. "Jana alisema nini juu yangu? Kiswidi siijui, lakini uso nausoma. Alisema sijui kazi. Na weye ukaimeza, ukanipa maneno matamu. Nenda umwambie. Injini ikiwaka leo na yeye bado anafikiri nilikosea jana, kila siku atanisimamia nyuma ya shingo."

Kutoka kwenye lile tairi hadi ofisi ya Lennart ni hatua kama kumi na tano. Sijawahi kutembea mbali vile. Nikamweleza kwamba kosa ni langu, kwamba fundi alitaka kupima na mimi nikamkataza kwa kulitumia jina lake yeye Lennart. Hakuelewa habari ya saa za aina mbili. Ikabidi nichore. Nilichora saa ya kwetu na saa ya Bukavu nyuma ya karatasi ya oda, nikitokwa na jasho, mwanafunzi wa shahada ya pili anayefundisha kusoma saa kama darasa la kwanza. Lennart alitazama mchoro, akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakunja mikono ya shati na kutoka nje kuzungusha injini kwa spana yeye mwenyewe.

Papa Deo aliondoa plagi ya kwanza. "Leta kidole gumba," akaniambia. "Chako. Si cha daftari."

Nikaziba tundu. Lennart akazungusha. Pistoni ilipanda mara ya kwanza, nikasikia hewa laini tu. Ikashuka, ikapanda tena, na safari hii pumzi ilinisukuma kidole kwa nguvu, ikakitoa kwenye tundu kwa sauti ya *puh*. Nikapiga kelele. Papa Deo akacheka, "Hapo! Hapo ndipo anangoja moto!" Akakitoa delko, akakigeuza nusu duara, akakirudisha. Kazi ya dakika kumi. Saa tisa na nusu, ya kwetu, Lennart aliingia ndani ya gari.

Ufunguo. Injini ikaguna mara moja, na ikawaka.

Sitaki kukudanganya kwamba nina maneno yake. Silinda nane ziliamka pamoja, spana zilizotundikwa ukutani zikaanza kugongana, vile vikombe vinne vikacheza sakafuni, na mimi nikausikia mngurumo kwenye meno. Seremala wa jengo la jirani alikuja mbio na msumeno mkononi, akasimama mlangoni akitabasamu kama mtoto. Papa Deo aliinamia injini, mkono kwenye delko, akikizungusha unywele kwa unywele, kichwa ameinamisha upande, mpaka mngurumo ukatulia ukawa wimbo mmoja mzito usiokatika. Kisha akasimama wima, akafuta mikono, akanitazama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani wiki nzima.

Lennart alimpa mkono. "Måndag," akasema. "Klockan sju."

"Jumatatu," nikatafsiri. "Saa..." Nikashika kidole cha Papa Deo, nikakiweka juu ya namba saba kwenye saa yake. "Hii. Hii hapa. Asubuhi."

"Umeanza kujifunza," akanijibu.

Alifanya kazi pale miaka mingi. Injini zilizopita mikononi mwake zilitoka zinaimba, na wateja walianza kumtaja kwa jina wakipiga simu. Mimi niliomba kuwa mwanafunzi wake kila Jumamosi, na kwa subira yake nilifika mahali pa kurekebisha valvu bila kusimamiwa, jambo ninalolihesabu juu ya shahada zote mbili. Kiangazi kile lile gari jekundu lilitembezwa mjini, Papa Deo kiti cha mbele, dirisha wazi, watu wa Husby wamesimama kando ya barabara wakipiga vigelegele mpaka Waswidi wakauliza nani anaoa.

Basi, mwanangu, wewe unayenijibu Kiswidi nikikuuliza Kiswahili, siku moja utasimama kati ya watu wawili wasioelewana, ofisini au hospitalini, wote wakikutazama mdomo. Usidhani kwamba kwa kuwa neno ni moja, maana ni moja. Uliza, hata swali likikufanya uonekane mjinga. Onyesha kwa kidole, chora. Fundi akitaka kupima kwa mkono wake, mpishe, hata kama wewe una daftari na yeye hana. Na ukikosea, mtu mwingine akapewa lawama yako, usimtafsirie maneno matamu. Nenda ukaseme kosa ni lako, kwa lugha ileile aliyolaumiwa nayo, kabla jambo halijapona lenyewe. Maana likishapona, hutapata tena ujasiri.

Mungu akupe mikono yenye kazi na watu wa kukusahihisha bila kukudharau. Na akujalie angalau mara moja katika maisha yako kusimama mahali ambapo kitu kilichokuwa kimya kinanguruma, na uwe umechangia, hata kwa kidole kimoja.