Mwezi wa Arobaini na Tatu

Snezhana Doncheva ndiye aliyenifundisha kazi hapa mjini Plovdiv, na nikisikia mtu anamwita mzembe damu inanichemka. Miaka ishirini na sita amekagua programu za hospitali, mstari kwa mstari, penseli sikioni. Bila idhini yake hakuna kinachowafikia wagonjwa, na jina lake hubaki chini ya kila alichopitisha.

Kisha ikaja akili mnemba. Vijana wa ofisini wakawa wanaiagiza, inaandika, wao wanamrundikia Snezhana kazi arobaini kwa siku.

"Bosi, siwezi kuzisoma zote," Snezhana alimwambia Plamen, mkuu wetu.

"Pitisha tu, dada. Mashine haichoki kama mimi na wewe."

"Haichoki, sawa. Lakini pale chini haliandikwi jina lake."

Plamen akacheka, akaenda zake kunywa kahawa.

Novemba mashine iliandika upya programu inayopanga orodha ya kuwaita wagonjwa wa moyo kupimwa. Kwetu namba ya kitambulisho hubeba tarehe ya kuzaliwa, na aliyezaliwa tangu mwaka elfu mbili huongezewa arobaini kwenye mwezi: Machi huwa 43. Mashine ikaona hakuna mwezi wa 43, ikawaondoa wote hao kimyakimya. Arobaini hiyo Snezhana anaijua kuliko yeyote. Ndiye aliyeiandika kwenye programu kwa mkono wake alipoanza kazi. Lakini siku hiyo ilikuwa kazi ya thelathini na nane. Alipitisha bila kusoma.

Kosa lilipogunduliwa Februari, tuliitwa kikaoni. Zhivko, aliyeiagiza mashine, alisema, "Mimi sijaandika hata herufi moja." Plamen akasema, "Jina lililopo ni la Snezhana." Nami nilinyamaza, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Nilimsindikiza Snezhana kwake. Kwenye ngazi tulimkuta jirani yake Vesela, amebeba mfuko wa nguo za kupeleka hospitali. Bintiye Yoana, wa miaka kumi na tisa, hakuitwa kupimwa moyo; alianguka, na alikuwa hajazinduka bado. Yoana alipokuwa mchanga, Vesela akienda kazini, Snezhana ndiye aliyekuwa akibaki naye.

"Afadhali nimekuona, shoga yangu," Vesela alisema, akimshika mkono. "Wewe si mtu wa kompyuta? Wanasema kuna mtu alikagua, akapitisha. Nitafutie jina lake tu."

Snezhana akaupokea ule mfuko, akambebea mpaka chini.