Klostra za Muzee Laurent

Marcienne alitua dumu la maji mlangoni kwa Olga, akavuta pumzi, akatazama nyuma kama mtu anayeogopa kufuatwa.

"Mama Gradi, umesikia? Huyu jirani yako Laurent anatoboa macho ukutani."

"Macho gani?"

"Macho! Matundu arobaini, watu wameyahesabu. Ya kwake si yanakufa? Si amerudi kutoka hospitali ya Ruharo vilevile alivyokwenda? Sasa anafungua mengine ukutani. Mtoto akipita akachungulia, basi, anayaacha ya kwake pale."

Olga alicheka, akampandisha mwanawe Gradi mgongoni na kumfunga kitenge. "Ile ni klostra, Marcienne. Matofali ya kupitisha hewa. Kwetu hata kanisa lilikuwa nayo."

"Hata uyaite kwa Kifaransa, tundu ni tundu." Marcienne akajitwika tena dumu lake. "Mimi ni Mkatoliki, mambo hayo siyaamini. Lakini watoto wangu nimewakataza kupita pale."

Kufikia Jumapili maneno yalikuwa yamefika hadi sokoni Base Camp. Wanaume wa kanisa waliomsaidia Laurent kusimamisha miti ya paa na kupigilia mabati wakaacha kuja. Mmoja alisema ana mahindi ya kupalilia, mwingine mgongo. Kazi iliyobaki, ya kufunga dari la matete, mzee aliifanya peke yake kwa kupapasa, na Olga akimpokeza matete kutoka chini, mtoto amelala mgongoni. Ndiyo maana Olga aliijua nyumba ile kuliko waliokuwa wakiihesabia matundu kutoka njiani.

Laurent alikuwa fundi mwashi wa Uvira, mtaa wa Kalundu, ambako joto la ziwani hulowesha shati kabla mtu hajamaliza kufunga vifungo. Huko alijifunza kujenga kabla hajaota ndevu: ukuta mnene wa udongo, paa la juu lenye kidevu kirefu cha kutupa kivuli, dari la matete ili moto wa mabati usishuke, na klostra upande wa maji.

"Kwetu feni ilikuwa ya batu ba banki," alikuwa akimwambia Olga. "Siye tulikuwa na upepo. Inaingia huku chini, inasukuma joto, joto inatokea kule juu. Nyumba inapumua sawa mutu."

Vita vilipomtoa kwao, alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mke wake Mariette na mwiko mmoja. Alikata miti, akafunika kwa shitingi, turubai la plastiki walilopewa, baadaye akapata mabati, na kile kibanda cha muda kikawa nyumba ya miaka kumi na minne. Kila alipotaka kujijengea yake, aliitwa kujenga ya mtu mwingine. Alienda hadi mjini Mbarara kujenga vyumba vya kupangisha. Akamwomba mwenye kiwanja ainue paa kidogo na aache matundu juu ya kuta.

"Mzee, wewe jenga tu," mwenye kiwanja akamjibu. "Mpangaji akisikia joto, atanunua feni."

Laurent akajenga. Matanuri kumi na mawili yenye milango ya chuma, ndivyo anavyoyaita mpaka leo.

Kisha Mariette akapigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalala. Tangu hapo shida ikawa saa sita za mchana. Mabati ya kile kibanda yalikuwa yakianza kulia ta, ta, kama mahindi yanayokaangwa, na Mariette chini yake akihema mdomo wazi. Kutolewa nje hakukusaidia kitu, maana miti yote ya jirani ilikwisha kuwa kuni. Kiangazi kilichopita alizimia mara mbili. Muuguzi, binti mwenyeji wa Kabingo, alimpima presha, akamtazama Laurent.

"Mzee, huyu mama weka mahali ya baridi. Dawa peke yake hapana. Joto hii itamaliza yeye."

"Hapa baridi iko fasi gani, binti yangu?"

Laurent akaenda nyumbani, akachota udongo, akaanza kufyatua matofali.

Lakini macho yalikuwa yamemtangulia. Alidhani ni vumbi la kazi, kumbe ni presha ya macho. Daktari wa Ruharo alimweleza kwa upole: kilichokufa hakirudi, na yeye alikuwa amechelewa sana. Kuta zilipofika kiunoni, bado alikuwa akiona mstari wa kamba. Zilipofika kifuani, alikuwa akiona mwanga tu, na watu kama vivuli nyuma ya pazia. Klostra alizipanga kwa vidole, moja baada ya moja, safu nne za kumikumi, na hakuna hata moja iliyokwenda upande.

Siku moja Olga alimwuliza, "Papa Laurent, mbona zote umeziweka upande huu?"

"Huku njo ziwa iko." Akainua mkono bila kusita. "Jua inatoka mu maji, na upepo inatoka mu maji."

Olga akafuata mkono ule. Ulionyesha mashamba ya migomba, na nyuma yake kilima kikavu. Ziwa la Nakivale lilikuwa mgongoni mwao, upande jua linakozama. Miaka kumi na minne mzee huyu alikuwa ameliona jua likizama mle kila jioni. Lakini macho yalipoondoka, picha iliyobaki kichwani ilikuwa ya Uvira, ambako jua huchomoza ng'ambo ya ziwa, upande wa Burundi.

Olga alijiambia labda amekosea yeye, aliyeishia darasa la sita. Akarudi kwake, na siku tatu mfululizo akautazama moshi wa jiko lake la nje. Kila mchana uliinama upande uleule, kuelekea migomba. Upepo ulikuwa ukitoka ziwani kweli, ila uligonga ukuta wa nyuma wa nyumba ya Laurent, ule usio na tundu hata moja, ukazunguka na kwenda zake. Na ukuta huo ndio uliobeba miti mizito ya paa. Kuutoboa ni kazi ya mafundi wanne wenye macho na magogo ya kuegemeza. Watu wenyewe ndio hao, walikuwa wanaogopa hata kupita pale.

Angemwambia nini, na ili afanye nini? Akaendelea kumpokeza matete.

Jumatatu wakamhamisha Mariette. Laurent alimshika upande mmoja, Olga upande mwingine, wakamburura polepole hadi kitanda kipya. Asubuhi ile klostra ziliingiza jua tupu, vipande arobaini vya mwanga vikatapakaa juu ya shuka. Mariette alivitazama, akasema ni pazuri kama kanisani. Na kweli palikuwa pazuri. Dari lilinuka matete mabichi, na mabati hayakusikika kulia. Kufikia saa saba jua lilikuwa limeondoka ukutani, lakini joto la asubuhi lilikuwa limebaki ndani, limesimama kama maji ndani ya pipa. Hakuna hata unyasi uliotikisika.

Laurent alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza redio.

"Mariette, unaisikia?"

"Naisikia, baba. Upepo umekuja. Ni kama Kalundu kabisa."

Jasho lilikuwa likimtoka Mariette jekejeke. Blauzi ilikuwa imemgandama kifuani, na mdomo ulikuwa wazi kama katika nyumba ya zamani. Alimwona Olga anamtazama, akainua mkono wake mzima, akaweka kidole mdomoni.

Olga alivua kitambaa chake cha kichwa, akasogea upande wa ukuta wa nyuma, akaanza kumpepea. Polepole, bila kishindo. Mariette akafumba macho, pumzi ikamshuka kidogo.

Laurent akainua uso. Akaugeuza, si kwenye klostra zake, bali kule Olga alikokuwa amesimama.

"Ule upepo inatokea wapi?"

Olga akaacha kupepea. Upepo ukaisha.

Gradi alijinyoosha mgongoni mwa mama yake, akalalamika kidogo, akalala tena. Laurent akasimama na kuanza kuufuata ukuta kwa vidole. Alipofika kwenye klostra aliingiza mkono ndani ya tundu moja, akauacha humo, kama mtu anayengoja kupewa kitu na aliye nje. Akautoa. Akaendelea mpaka mlangoni.

Olga akamfuata nje. Ng'ambo ya njia, Marcienne alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani, hajifichi.

"Mama Gradi," Laurent akasema kwa sauti ya chini, asisikike ndani. "Ule mama ananipenda. Hawezi kunambia. Na weye uko na huruma mingi, utanambia sawa vile yeye anasema."

"Papa Laurent…"

"Acha nimalize. Kesho, saa saba, uniletee Gradi. Nitamutoa Mariette hapo, weye umulalishe mutoto mu kile kitanda, halafu utoke inje. Hata akilia, umuache kidogo." Alinyoosha mkono mbele yake, kiganja juu, vumbi la udongo bado limejaa kwenye mikunjo. "Mutoto hajue kudanganya. Ila nakuomba kitu moja: usimupanguse jasho. Acha mi nimuguse uso kwanza."